Kahawa, Magadi na Filamu ya Eliya

Ofisini kwetu hapa Singida mjini kuna kijana wa masijala ambaye kila asubuhi hukoroga kahawa ya unga, ile ya kopo, na harufu yake hujaa chumba kizima. Mimi huinuka nikatoka nje. Wenzangu wameshazoea, wanadhani ni tumbo, na sijawahi kuwasahihisha. Mwanamke mzima mwenye mtoto chuo kikuu anakikimbia kikombe cha kahawa kwa sababu ya jambo alilolifanya akiwa darasa la nne. Utaanzia wapi kulisimulia saa mbili asubuhi, watu wana mafaili mezani? Lakini Mama tumemzika mwaka huu, na tangu tumzike harufu ile imezidi kunifuata. Basi nitasimulia, na nyinyi wa rika langu mnaokumbuka picha za nyeusi na nyeupe, zile za kukaa kwenye stuli mbele ya shuka, mtanielewa upesi.

Kijijini kwetu, upande wa Kinyangiri, Baba alikuwa mpiga picha. Alilima kama watu wote, alizeti na mtama, na alikuwa na ng'ombe wachache, lakini jina lake lilikuwa la kamera. Siku za mnada alitundika shuka la bluu ukutani na watu wakapanga foleni: wa picha za vitambulisho, wachumba, wazee waliotaka kupigwa pamoja na fimbo zao. Filamu alizisafisha mwenyewe katika stoo yetu ya udongo ambayo alikuwa ameziba dirisha lake kwa matofali. Halafu zikaja picha za rangi. Wateja wakaanza kupanda basi kwenda mjini kwenye mashine inayotoa picha siku hiyohiyo, na Baba akaifungia kamera sandukuni. Nilipofika darasa la nne stoo ile ilikuwa ya majembe na magunia.

Mama aliitwa Mama Eliya na kijiji kizima. Eliya alikuwa mtoto wao wa kwanza, alikufa kwa surua mimi sijazaliwa, akiwa na miaka mitatu. Jina hilo lilikuwa linaniudhi, sitawaficha. Nachota maji mimi, nachunga ndama mimi, halafu mama yangu anaitwa kwa jina la mtu nisiyemjua hata sura. Na sura yenyewe haikuwepo popote. Baba alipiga picha watoto wa watu wote, wa kwake akawa anasema kesho, kwa sababu filamu ilikuwa ya wateja. Nakumbuka siku moja Mama anachambua majani ya mlenda, akasema, kwa sauti ileile ya kusema kuni zimekwisha, kwamba Eliya ameanza kumpotea. Macho bado anayaona, mdomo hauoni tena.

Sasa hili nitakalosema nililijua baadaye sana, lakini nyinyi heri mlijue mapema. Mvua za mwaka ule zilivujisha stoo. Baba alipohamisha sanduku lake alikuta chini kabisa filamu moja iliyopigwa na haijasafishwa. Kwenye karatasi iliyoizungushia alikuwa ameandika kwa penseli kwamba mbili za mwisho ni Eliya na mama yake. Alikuwa amesahau kabisa, na Mama alidhani ilikwisha kupotea. Siku moja ya mnada, baada ya wateja kuondoka, zilibaki nafasi mbili, akampiga mtoto amepakatwa na mama yake. Wiki hiyohiyo mtoto akaugua, nyumba ikavurugika, na filamu ikatupwa sandukuni. Kwa hiyo sura ya kaka yangu ilikuwa ndani ya kitu kinachoenea kiganjani, na ilichokosa ni dawa ya kuitoa.

Hapo ndipo palipomtesa Baba. Paketi moja ya dawa ya kusafishia filamu alikuwa nayo, ya siku nyingi, lakini unga wake ulikuwa umeganda na kugeuka kahawia, na dawa ikishageuka rangi huwezi kuiamini. Madukani mjini walimwambia hawaleti tena. Angeweza kuituma filamu Dar es Salaam kwa basi, ila aliwahi kumpa kondakta filamu ya harusi ya watu na haikuonekana tena, akawa anawakwepa maharusi wale njiani mpaka wakapata mtoto wa pili. Njia ya tatu alifundishwa na fundi wake wa zamani kule Itigi, enzi za uhaba. Unachukua kahawa ya unga, unasaga vidonge vya vitamini vile vya machungwa, unaweka na magadi, hayahaya tunayopikia mlenda. Kahawa inatoa picha, vidonge vinaisaidia, na magadi ndiyo yanayoiamsha. Pasipo magadi, filamu itakaa humo hata siku nzima na haitatoa kitu. Na filamu huisafishi mara mbili. Ukiipitisha kwenye dawa mbovu, halafu ukaitia kwenye dawa ya pili ya kukazia, kila kilichokuwamo kimeoshwa na kwenda.

Miezi miwili Baba aliipima njia hiyo. Alikata vipande kutoka mwanzo wa filamu, kwenye picha za wateja, akavijaribu kimoja kimoja: kahawa nyingi, kahawa kidogo, maji ya moto, maji ya vuguvugu. Hakumwambia mtu yeyote, na Mama ndiye wa mwisho ambaye angemwambia.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyafanya. Tulichokuwa tunakiona sisi ni kitu kingine.

Kwanza ilikuwa kahawa. Nyumbani kwetu hakuna aliyekunywa kahawa, ni chai na uji basi. Mama alinituma nilete koti la Baba alishone, nikakuta mfukoni kopo dogo la kahawa. Mama akalifungua, akalinusa, akalirudisha mfukoni. Jirani yetu, Mama Zuhura, alikuwepo. Huyo mama hana dogo. Akasema kahawa ya namna ile ni kinywaji cha watumishi, watu wa mshahara, halafu akajifanya anaangalia kuku.

Kisha Mama akaona magadi yake yanapungua. Akaniuliza kama nimeyachezea, nikaapa. Kisha, siku ya kufua, vidonge vya machungwa vikadondoka kutoka kwenye shati la Baba, vile vya kumumunya ambavyo watoto walikuwa wakipewa zahanati. Kisha kipimajoto. Nilikiona kwa macho yangu, amekifunga kwenye leso, anakitoa mfukoni na kukiingiza stoo. Nikajiuliza, Baba anampima nani homa?

Sasa pale zahanati kulikuwa na nesi mgeni, ametokea upande wa Manyoni, mwanamke mnene mwenye cheko, na mtoto wa kiume wa miaka kama mitatu anayemshika sketi. Mume hatukumwona. Kwa hesabu zangu za darasa la nne jambo lilikuwa limekwisha. Mtumishi, anakunywa kahawa. Ana mtoto, anakula vidonge. Mtoto anaugua, anapimwa homa. Na kwake kunapikwa mlenda kwa magadi ya mama yangu. Machale yalinicheza mpaka nikawa sili vizuri.

Nikaanza kumfuatilia Baba. Akienda dukani, nami nina shida ya kwenda kumwona rafiki yangu njia hiyohiyo. Akiingia stoo, nazunguka nyuma kutafuta yai ambalo hakuna kuku aliyelitaga. Kulikuwa na ufa karibu na fremu ya mlango, na kwa ufa huo niliona rafu, na juu ya rafu makopo matatu yamepangwa vizuri kama ya dukani: la kahawa, la vidonge vilivyosagwa, na kopo la maziwa lililojaa magadi. Nikajua huo ni mzigo unaokusanywa, siku moja utabebwa.

Siku moja nikajitia kichwa kinauma nikaenda zahanati. Nikamsalimia nesi shikamoo, nikiwa nimemkazia macho nione kama ataona haya. Hakuona haya hata kidogo. Akanipa kidonge, akanishika kidevu, akasema nimefanana na baba yangu. Halafu akaniambia kitu ambacho nilikibeba mpaka nyumbani kama nimebeba kaa la moto.

"Mwambie baba yako kipimajoto changu akimaliza anirudishie. Na avijaribu hivyo vidonge nilivyompa juzi, visipofaa aje."

Nilimwambia Mama neno kwa neno. Alikuwa anapepeta mtama. Mikono yake ilisimama kidogo tu, ikaendelea. Akaniuliza yule mtoto wa nesi ana umri gani. Nikamwambia. Akasema, sawa, kachote maji.

Kilichommaliza ni blanketi. Kulikuwa na blanketi zito la kijivu, Mama alilipewa na mama yake alipoolewa, halikuwa linaguswa ila wakati wa baridi ya Juni. Jumatano moja likawa halipo. Baba alikuwa amelichukua kuziba mlango wa stoo usipitishe mwanga, mimi na Mama tungejuaje? Mama alifungua sanduku, akalifunga, akalifungua tena. Mchana ule Mama Zuhura alikuja kuomba moto, na kwa mara ya kwanza nilimwona Mama akiegemea nguzo ya jiko na kumweleza yote. Mama Zuhura akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanamume akishahamisha blanketi, dada," akasema, "amebakiza kuhamisha miguu."

Mama akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata pale alipotaja mdomo wa Eliya. Nikajificha nyuma ya zizi nikamchukia Baba kwa moyo wangu wote, na yule nesi, na mtoto wake. Nikasema hapana, hii si bure, lazima nifanye kitu.

Nikafikiri kama mpishi, kwa sababu kupika ndicho kitu nilichokijua. Mlenda bila magadi hauvutiki, unabaki majani tu. Kama huyo mwanamke atapika mlenda na badala ya magadi akatia chumvi, na akatia vijiko viwili vitatu kwa kudhani ni magadi, hautalika. Baba atatema. Watagombana. Atakumbuka mlenda wa Mama na atarudi, na blanketi atarudi nalo. Ndivyo nilivyoona. Sikuona kosa lolote katika mpango huo, na hata leo nikimwangalia yule mtoto niliyekuwa, siwezi kumwambia hasa ni wapi alipokosea kufikiri.

Kwetu wafugaji wana chumvi ya mawe ya kulambisha ng'ombe. Ni ya kijivu, na ukiisaga inafanana na magadi yaliyosagwa kama mapacha. Ijumaa, baada ya shule, Baba akiwa shambani na ufunguo wa stoo ameuacha kwenye suruali ya nyumbani, niliingia. Nilikuwa nimesaga chumvi kiasi cha kujaza kopo. Nikayamwaga magadi ya Baba kwenye kitambaa, nikajaza chumvi, nikaisawazisha juu kwa kidole kama nilivyoikuta. Blanketi lilikuwa limekunjwa pale kwenye kona. Nilishangaa kidogo kwamba bado halijapelekwa. Nikataka kulichukua, nikaona nitashtukiwa. Magadi, kwa kuwa yalikuwa ya Mama, niliyarudisha kwenye kopo la Mama jikoni, nikaona haki imetendeka. Usiku ule nililala fofofo.

Jumamosi asubuhi Mama alifungua kopo lake la magadi, akalikuta limejaa pomoni. Akaniangalia. Nikajitia nafagia.

Baada ya chakula cha mchana Baba alisema ana kazi stoo na mtu asimsumbue. Alichukua ndoo mbili za maji, akajifungia. Mimi nikakaa kivulini karibu na zizi la mbuzi, nangoja kumwona akitoka na mzigo. Nilikaa mpaka kivuli kikanihama. Mama alikuwa jikoni na kila mara anatoka kutupa jicho pale mlangoni. Tulikuwa walinzi wawili, kila mmoja na zamu yake, na hatukuambizana tunachokilinda.

Mlango ukafunguliwa. Baba alitoka na kitu kirefu chembamba kinachotiririka maji, amekishika ncha mbili, akakiinua kwenye jua. Ilikuwa filamu. Ilikuwa nyeupe kama kioo cha dirisha, jua linapenya kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akaisogeza polepole mbele ya macho, sehemu kwa sehemu, akafika mwisho, akaanza tena. Mwishoni alibaki na ile sehemu ya mwisho tu, karibu kabisa na uso, kama mtu mwenye macho mabovu anayesoma barua.

Akarudi ndani. Akatoka na lile kopo la maziwa la magadi. Akachovya kidole akaonja.

Mama alikuwa ameshafika uani. Baba hakupandisha sauti. Alimweleza yote pale amesimama, filamu imemning'inia mkononi: jinsi alivyoikuta, maandishi ya penseli, kahawa, nesi aliyemsaidia vidonge na kipimajoto cha kupimia joto la maji, vile vipande alivyojaribu vikatoa watu vizuri, hata vifungo vya mashati vikaonekana. Leo kahawa haikutoa povu kama siku za majaribio, akadhani magadi yamepoa, akaongeza kijiko. Akasema, "Sikutaka nikwambie halafu ikakataa. Sikutaka umzike mara mbili."

Mama alikuwa ameweka mkono kinywani. Akauliza, kwa sauti ambayo siwezi kuiigiza, kama mdomo wa Eliya ungeonekana kwenye hiyo picha. Baba akasema mtoto alikuwa amecheka siku ile, anakumbuka, alikuwa anacheka.

Halafu akainua lile kopo. "Nani ametia chumvi humu?"

Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilielewa yote kwa mara moja, yaani yote, na nilijua kwamba nikifungua mdomo dunia inakwisha. Mama akageuka akanitazama, jicho moja tu, refu. Akamgeukia Baba.

"Mimi," akasema.

Baba akamwangalia kama hajasikia. Mama akarudia. Akasema alidhani Baba anampelekea mwanamke magadi yake, akatia chumvi ili amkomeshe. Baba akapita jikoni moja kwa moja, akafungua kopo la magadi la Mama, akaona lilivyojaa. Akalifunga. Aliporudi uani alikuwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ndiye niliyekua naye.

Kesho yake tulikuwa tunasaga, mimi na Mama, na nilikuwa nimelia mpaka macho yamevimba. Nikamwambia nitakwenda kusema. Aliendelea kusukuma jiwe la kusagia.

"Wewe atakuchukia mpaka ukubwani," akasema. "Mimi atanizoea."

Hapo mtanielewa kwa nini nasema habari hii si ya kusimulia ofisini. Huyu ni mwanamke aliyepoteza sura ya mwanawe wa kwanza kwa mkono wa mwanawe wa pili, na kabla hajamaliza hata kulia alikuwa ameshaamua nani kati yetu atabeba. Mimi nilishukuru. Aibu yangu iko hapohapo. Nilishukuru, nikala ugali jioni ile.

Baba hakumpiga, hakumfukuza, hakumwambia ndugu. Alichofanya ni kuacha kumwamini, basi. Stoo ikatiwa kufuli jipya. Na chakula. Kwetu unapompa mgeni pombe, wewe mwenyewe unaonja kwanza mbele yake, ajue haina kitu. Ni heshima, na ni kwa mgeni. Baba akaanza kuletewa chai na kuiangalia tu, haigusi. Siku ya kwanza Mama hakuelewa. Siku ya pili akaelewa: akachukua kikombe, akapiga funda moja, akampa. Baba akanywa. Ikawa hivyo. Chai, mchuzi, uji wa mgonjwa, dawa za kikohozi. Kila siku, maisha yao yote, mwanamke anaonja ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mtu wa kushukiwa, mbele ya mumewe. Wajukuu walipokuja waliona ni mapenzi ya wazee, wakawa wanacheka. Mume wangu siku moja aliniambia angependa tuzeeke vile. Nilitoka nje.

Na shaka ni kitu kinachozaa. Mimi nami nikawa siamini mtu. Nilimkagua mume wangu mifuko mpaka akachoka, nilimfikiria vibaya kila aliyenichekea, kwa sababu nilijua kwa hakika kwamba mtu anaweza kukaa mezani na wewe miaka, anakupakulia, na amekuficha jambo. Nilijua kwa sababu mtu huyo alikuwa mimi.

Mara mbili nilitaka kusema. Mara ya kwanza nilipomaliza darasa la saba, Mama akanikata jicho, nikanyamaza. Mara ya pili ilikuwa wiki ya kuolewa kwangu. Nikamwambia sasa mimi ni mtu mzima, naenda kwa mume wangu, siyo lazima nipendwe na Baba. Akanifunga vizuri kanga begani, akasema, "Mzigo huu nimeshafika nao mbali, usinitue njiani." Nikaona ni ruhusa. Mtu mwoga haombi ruhusa kubwa.

Mwaka huu, baada ya masika, Mama aliugua siku chache akafa. Tulimzika pale nyumbani, upande wa mashariki wa ua. Siku ya tatu, tulipokwisha kuanua tanga na ndugu wakaanza kuondoka, nilimkuta Baba peke yake kwenye stuli, ameegemea ukuta. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake. Nikamwambia. Sikujitetea, nilimweleza chumvi ya ng'ombe, kitambaa, kopo la jikoni, yule nesi na mtoto wake, blanketi, kila kitu kama nilivyowaeleza nyinyi. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani.

Alikuwa akichora chini kwa ncha ya fimbo, anafuta, anachora.

"Alijua ni wewe?"

"Alijua, Baba. Tangu asubuhi ile."

Akatikisa kichwa, polepole, mara nyingi. Nilikuwa nangoja anilaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, kwa kweli nilikuwa nalitaka.

"Mimi nilikuwa najisifu moyoni," akasema. "Kila siku. Nilisema, huyu mwanamke aliniharibia mtoto, na mimi nimemsamehe, naishi naye. Nilijiona mtu mwema sana."

Nikaanza kulia, nikamshika miguu, nikamwomba msamaha. Hakunitoa, hakunigusa. Macho yake yalikuwa yamepita juu ya bega langu, kule mashariki ya ua, penye udongo mpya.

"Sogea, mwanangu," akasema. "Nataka kuzungumza na mama yako, na wewe umekaa katikati."

Nikasogea.